Shirika dogo la Uingereza linataka kuleta madaktari na walimu Longido: vibali, dawa, shule, tuanzie wapi?

Mratibu_Sakina

Habari za kazi wakuu. Naomba mwongozo wa wanaozifahamu kliniki za mkoba zinazofadhiliwa kutoka nje.

Ni shirika dogo la hisani lililosajiliwa Uingereza. Halina ofisi hapa wala mfanyakazi wa kulipwa, fedha zake ni michango ya watu wa kawaida kule kwao. Hapa linafanya kazi kupitia kikundi chetu cha Arusha, kilichosajiliwa kama NGO ngazi ya mkoa. Agosti wanataka kuleta madaktari wanne, wauguzi watatu, daktari wa meno mmoja na walimu wawili, katika kijiji kimoja cha tarafa ya Ketumbeine. Dispensari ipo, ina tabibu mmoja na muuguzi mmoja. Shule ya msingi ipo.

Mpango wao: siku tatu za kliniki, watu 150 kwa siku. Kila mgeni abebe begi la pili lenye dawa, miwani ya kusomea, dawa ya meno ya watoto na vitabu vya hadithi. Tumebakiza miezi mitano. Vibali ni vipi, dawa zinapitaje KIA, siku yenyewe ipangweje, na shuleni kipi kina maana? Bajeti ni ndogo na kila shilingi inadaiwa risiti.

Mfamasia_wa_Kanda

Naanza na dawa, maana hapo ndipo safari nyingi za aina hii hukwama, tena pale pale uwanja wa ndege kabla mgeni hajauona mlima.

Dawa inayoingia nchini, ya msaada au ya kuuza, kwenye kontena au katikati ya nguo, inatakiwa iwe na kibali cha TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kabla haijasafirishwa. Ofisi ya kanda ya kaskazini iko hapo hapo Arusha. Andaa orodha yenye jina halisi la dawa na si la kibiashara, nguvu yake, umbo, kiasi, mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Ambatisha barua ya anayetoa na barua ya anayepokea akikiri kwamba dawa hizo ndizo anazozihitaji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada iwe imebakiza angalau mwaka mmoja inapofika nchini. Makopo yaliyofunguliwa, sampuli za kampuni na dawa walizorudisha wagonjwa wa kule hazina nafasi hata ziwe nzuri namna gani. Maandishi yawe ya Kiswahili au Kiingereza. Tramadol, diazepam, kodeini na jamaa zake wasithubutu kubeba. Hizo zina vibali vyake peke yake, na mtu mmoja akikutwa nazo msafara mzima unakaa benchi.

Tuseme kibali kimetoka. Bado kuna swali la dawa isiyomo kwenye mwongozo wa matibabu wa taifa. Mgonjwa akimaliza vidonge vyake, haipo dispensari, haipo kituo cha afya, haipo duka lolote la Longido. Umemwonjesha tu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni walete fedha. Dispensari iagize kupitia kwa mfamasia wa wilaya kutoka bohari ya kanda ya MSD (Bohari ya Dawa ya serikali) iliyoko Moshi. Kisichopo MSD, wilaya inapewa taarifa ya kukosekana na kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji wa dawa aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa. Anzeni miezi miwili kabla, kwa sababu oda inapita mikononi mwa watu kadhaa na hakuna anayeikimbiza kama wewe mwenyewe hukuikimbiza. Na kuna hoja itakayowaingia wafadhili kirahisi: kwao, mchango wa fedha wa mlipa kodi unaongezewa na serikali yao pensi 25 kwa kila paundi, ukitolewa chini ya utaratibu wa Gift Aid. Kopo la dawa haliongezewi kitu.

Kiasi msikadirie kwa jicho. Chukua hao watu 450. Parasetamoli: weka theluthi yao, 150, kila mmoja vidonge 15, jumla 2,250, yaani makopo matatu ya vidonge 1,000. Amoksilini ya kuyeyuka ya miligramu 250: watoto 40 wenye nimonia, vidonge 20 kila mmoja kwa siku tano (hicho ni kipimo cha kilo 10 hadi chini ya 14, viwili asubuhi na viwili jioni, wadogo zaidi wanahitaji nusu yake), jumla 800. Zinki: watoto 30 wa kuhara kwa siku 10, vidonge 300, na ORS kwa kila mmoja. Dawa mseto ya malaria msinunue, dispensari hupata ya mpango wa taifa. Vipimo vya haraka 60 vinatosha, lakini soma kiwango cha juu cha joto kilichoandikwa kwenye boksi. Gari likifungwa vioo juani kule Longido linakipita, na kipimo kilichoungua kinatoa jibu hasi bila haya.

Kinachosahaulika kila mara ni bahasha za dawa. Nunueni 1,000.

Tabibu_Wilayani

Mfamasia amemaliza upande wake. Mimi nieleze njia ya barua.

Kikundi chenu na shirika muwe na mkataba wa ushirikiano ulioandikwa, hata wa kurasa tatu, unaosema nani anatoa nini na vifaa vitabaki kwa nani. Barua ya kwanza iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, Afisa Elimu Msingi na ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Ikishapata muhuri ndipo mshuke kwa mtendaji wa kata, kisha kijijini. Mkitangulia kijijini mkaahidi tarehe, halafu wilaya ikawaambia wiki hiyo kuna kampeni ya chanjo, mtakuwa mmewakosea wazee. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo kwa miezi yenu mitano mnao mmoja, labda miwili. Ombeni ajenda iingizwe na mchukue nakala ya muhtasari. Laigwanani, viongozi wa mila wa Kimaasai, nao waonwe mapema, si siku ya ufunguzi.

Wageni wenyewe: daktari wa nje hagusi mgonjwa hapa bila usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Daktari wa meno pia anapita huko. Wauguzi wanapita Baraza la Uuguzi na Ukunga. Watahitaji vyeti vya taaluma, nakala ya pasipoti, wasifu, barua ya taasisi inayowapokea, na cheti cha mwenendo mwema kutoka baraza la kwao. Hicho cha mwisho ndicho kinachochelewesha, kwa sababu wengi hukiomba mwishoni na hukuta cha zamani hakikubaliki. Waanze mwezi huu. Na viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya kujitolea. Aina inayowafaa waithibitishe Uhamiaji kabla hawajakata tiketi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: kliniki iwe ya dispensari, wageni wakiwa wasaidizi. Kila mgonjwa aandikwe kwenye Kitabu namba 5 cha MTUHA, yaani rejista ya serikali ya wagonjwa wa nje, si kwenye daftari la wageni litakalopanda ndege. Asipoandikwa, takwimu za wilaya hazimwoni, dawa aliyopewa haionekani kwenye matumizi, na oda inayofuata ya dispensari inakuwa ndogo kuliko mahitaji. Msaada wa namna hiyo unakipunguzia kituo dawa.

Nesi_Mkoba

Mratibu, hiyo 150 kwa siku haiwezekani. Piga hesabu. Daktari anauliza kwa Kiingereza, mkalimani anapeleka kwa Kiswahili, mwingine anapeleka kwa Kimaa, jibu linarudi njia hiyo hiyo. Mgonjwa wa dakika kumi anakula kumi na tano. Madaktari wanne, wagonjwa wanne kwa saa, saa sita za kazi halisi: 96. Tafuteni wakalimani wanaotoka Kimaa moja kwa moja hadi Kiingereza, wapo vijana wa sekondari na wa vyuo. Muwe nao sita: mmoja kwa kila daktari, mmoja dirisha la dawa, mmoja wa akiba. Angalau watatu wawe wanawake. Mtoto asimtafsirie mama yake, kuna mambo hatayasema. Hesabu ya dawa ya Mfamasia iacheni ilivyo; zitakazobaki ni za dispensari.

Mpangilio: muuguzi mmoja asikae kituo chochote, kazi yake ni kutembea kwenye foleni kuanzia saa moja asubuhi. Mtoto aliyelegea, anayepumua kwa shida au aliyepata degedege, mjamzito anayetoka damu, hao wanaingia bila namba. Wengine wapewe namba zilizogongwa muhuri, maana za kuandika kwa mkono huzaliana. Kisha usajili, vipimo vya awali, daktari, maabara, dawa. Foleni haizibi kwa daktari kama watu wanavyodhani, inaziba kwenye dawa, kwa sababu hapo ndipo maelezo hutolewa. Wekeni watu wawili pale.

Mzunguko wa mkono pimeni watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, aandikiwe rufaa siku hiyo hiyo. Vitamini A na dawa za minyoo msigawe kiholela: kampeni za nchi nzima ni Juni na Desemba, na nyinyi mnakuja Agosti. Someni kadi ya mtoto kwanza. Chanjo msiziguse kabisa isipokuwa mratibu wa chanjo wa wilaya aje na zake, zikiwa nyuzi 2 hadi 8.

Presha. Hapa ndipo wageni huharibu wakiwa na nia njema. Mtu ametembea kilomita nane juani, anapimwa akiwa wima, inasoma 158/96, anapewa amlodipine ya siku 30. Siku ya 31 hana dawa, hana daktari, na anaamini ameshapona. Akae dakika tano, mkono uegemee meza, mkanda uendane na unene wa mkono, apimwe mara mbili. Ikizidi 140/90 apimwe tena siku nyingine. Ikifika 180/110 asisubiri siku nyingine, daktari amwone hapo hapo na rufaa iandaliwe. Kanuni iwe moja: hakuna anayeanzishiwa dawa ya kudumu ambayo dispensari au kituo cha afya cha karibu hakiwezi kumjazia mwezi ujao. Shirika likitaka kusaidia wenye presha na sukari kweli, lilipie mafuta ya gari ili tabibu wa kituo cha afya aje kijijini siku moja kila mwezi. Kwa mwaka, gharama yake inaweza isifike tiketi mbili za kutoka London.

Macho: trakoma bado ipo ukanda wa wafugaji. Mwenye kope zinazochoma jicho aandikishwe kwa mratibu wa macho wa wilaya, haondoki na matone tu. Miwani ya kusomea inapatikana mjini Arusha kwa bei ndogo, isibebwe kutoka ng'ambo. Chukueni zaidi +1.50, +2.00 na +2.50, chache za +1.00 na +3.00. Msiwape akina mama kadi ya herufi. Mpe shanga na uzi. Miwani inayomwezesha kutunga ndiyo yake.

Rufaa itengewe fungu lake kabla ya kitu kingine chochote. Barua ya kwenda hospitali ya Mount Meru au KCMC bila nauli ya mgonjwa na ya anayemsindikiza ni karatasi tu.

Enduimet_Njia

Mimi naongeza moja: fanyeni siku ya mnada. Watu wote wapo, wanaume pia, ambao siku nyingine huwapati kwa sababu wako na ng'ombe. Hakuna tangazo linaloshinda mnada.

Nesi_Mkoba

Enduimet, kwa wanaume nakubaliana nawe, kwa kliniki sikubaliani. Siku ya mnada mtu ana haraka, ana fedha mkononi, wengine wameshakunywa, na nusu yao wametoka vijiji vingine au ng'ambo ya mpaka. Nitamfuatiliaje wiki ijayo mtu wa Kajiado, Kenya? Mnada utumieni wiki moja kabla kutangaza, pamoja na kupima presha na kuelimisha kuhusu maziwa mabichi na homa isiyoisha. Brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, kule ni ya kufikiriwa kila homa ya muda mrefu inapotajwa.

Enduimet_Njia

Hapo sawa. Ila msisahau Agosti ni kiangazi, mifugo inakuwa mbali. Mtapata akina mama, watoto na wazee. Muulizeni mwenyekiti wa kijiji boma zipi zimehama kabla hamjahesabu watu. Barabara angalau itapitika. Machi hadi Mei ule udongo mweusi hauna mjadala na gari lolote.

Mwalimu_Kisongo

Nizungumzie meno na shule kwa pamoja, kwa sababu yanakutana kwenye maji.

Ile dawa ya meno ya watoto iangalieni kwa makini. Mkoa wetu una maji yenye floridi nyingi, hasa yanayotoka kwenye miamba ya volkano kuzunguka Meru na kuelekea kaskazini. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo huku vinavyozidi hapo mara kadhaa. Daktari wa meno mgeni akiona meno ya kahawia atadhani ni uchafu au kuoza, atake kuwapaka watoto floridi na kugawa vidonge vyake. Atakuwa anaongeza kilichowaharibu. Meno ya kudumu huathirika yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi, hadi mtoto anapokaribia miaka minane, na mswaki hauondoi rangi hiyo. Zipimeni kwanza sampuli za maji: kila kisima, bomba na lambo wanalotumia, kila moja kwenye chupa safi ya plastiki, si ya kioo, iliyosuuzwa kwa maji hayo hayo. Lebo iwe na jina la chanzo na tarehe. Kabla ya majibu, daktari wa meno ang'oe yaliyooza, atibu majipu, afundishe kupiga mswaki.

Kuchemsha hakuondoi floridi, kunaikoleza kwa sababu maji hupungua yenyewe ikabaki. Klorini haifanyi kitu. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaikamata. Kituo cha Ngurdoto pale Arumeru kimeshughulika na teknolojia hiyo kwa miaka mingi. Tatizo lake ni kwamba unachoka, lazima ubadilishwe, na anayeusahau anaendelea kunywa akijiona salama. Shule ikipewa chujio bila ratiba na bajeti ya kubadilisha mkaa, bora ipewe tangi la kuvuna maji ya mvua: bati la mita za mraba 100, mvua ya milimita 400 kwa mwaka, ukitoa hasara ya asilimia 20 unabaki na lita 32,000. Hayo yawekeni kwa ajili ya kunywa na kupika tu. Na magadi ya kulainishia makande nayo yana floridi, mpishi wa shule aambiwe.

Vitabu: vya hadithi kutoka Uingereza havitasomwa. Darasa la kwanza na la pili linajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na wengi wa watoto hao nyumbani wanazungumza Kimaa. Nunueni vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu na vya ziada vyenye ithibati, kwa orodha ya mwalimu mkuu. Walimu wageni wasishike darasa. Wakae na walimu waliopo wakatengeneze zana za kufundishia, hapo kuna kazi ya kutosha.

Vyoo je? Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hesabuni kabla ya kufikiria maktaba. Mkijenga, ramani itoke kwa mhandisi wa halmashauri, vinginevyo jengo halitapokelewa.

Mratibu_Sakina

Asanteni sana wakuu, nimeshaanza kuandika upya ule mpango. Mawili ya mwisho. Fedha za dispensari tuziweke kwenye akaunti yetu au yao? Na posho za watumishi wa wilaya tunafanyaje, maana wafadhili hawalielewi kabisa neno hilo?

Hesabu_Safi

Dispensari ina akaunti yake ya benki na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Fedha ya dawa na ya tabibu wa kila mwezi iingie huko kwa barua inayotaja matumizi, kamati iidhinishe kwa muhtasari, halafu mnapewa nakala ya muhtasari, hati ya malipo na risiti. Hizo ndizo karatasi ambazo wadhamini wa shirika kule wataziamini. Kwenu zibaki za usafiri, chakula na wakalimani, kila duka litoe risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Fundi au mama lishe asiye na mashine asaini hati ya malipo yenye jina, namba ya simu na kazi aliyofanya.

Mkataba wa ufadhili ukizidi shilingi milioni 20, kanuni za NGO za 2018 zinataka uwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku kumi tangu kusainiwa. Msiugawe vipande ili kukwepa, mkaguzi anajumlisha.

Posho: waelezeni wafadhili kwamba mtumishi anayelala nje ya kituo chake cha kazi analipwa kwa viwango vya serikali, na kwamba malazi na chakula vimo humo humo. Ombeni halmashauri iwape viwango kwa maandishi, pangeni majina na idadi ya siku kabla ya safari, lipeni kwa benki au simu, karatasi ya mahudhurio isainiwe kila siku. Tabibu na muuguzi wa dispensari hawajalala nje, lakini ndio watakaofanya kazi kubwa kuliko wote na kubaki na wagonjwa. Kama sheria ya posho haiwagusi, wapeni chakula, na mjadili na Mganga Mkuu wa Wilaya malipo ya saa za ziada. Hilo lizungumzwe sasa, si asubuhi ya siku ya kwanza foleni ikiwa imeshafika getini.

Picha pia: wagonjwa na watoto wasipigwe bila ridhaa ya maandishi ya mtu mzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na tovuti ya shirika iko wazi kwa dunia nzima. Fomu iwe ya Kiswahili, isomwe kwa Kimaa, na alama ya kidole gumba inakubalika.